Mguu Mmoja na Bawaba Moja: Maoni Juu ya Mhimili wa Lenzi Nzito

Yapo mambo yanayoonekana kuwa ya dukani tu, ambayo kwa hakika huamuliwa na fizikia ya darasani. Mojawapo ni uchaguzi wa mhimili wa kamera. Klabu ya Malihai au ya upigaji picha shuleni ikijaliwa kupata lenzi nzito ya masafa marefu, kwa msaada au kwa michango ya wazazi, ni rahisi kushawishika kununua mhimili wake kwa fedha zilizosalia, au kuuchagua kwa kufuata tangazo. Maoni yetu ni kwamba yafaa kwanza kutafuta stendi ya mguu mmoja, yaani monopodi, iliyo nene na imara. Kisha juu yake kifungwe kichwa chenye bawaba moja tu. Kichwa cha tufe, ijapokuwa ndicho kinachovutia macho, hakifai kazi hii.

Tuanze na sababu ya kuuhitaji mhimili wenyewe. Lenzi ya milimita 600, ikitumiwa na kamera ambayo taswira yake ina upana wa milimita 36, huona upana wa digrii 3.4 hivi. Kamera ikitikisika kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, taswira husogea kwa takriban milimita 1. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50, mtikisiko huo huo husogeza taswira kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa maneno mengine, lenzi inayomkuza ndege aliye mbali huukuza pia mtetemo wa mkono mara 12. Ndiyo maana wapiga picha wana kanuni ya zamani: lenzi ya milimita 600 ikishikwa mkononi, kilango cha kamera kisikae wazi kwa zaidi ya sehemu moja ya 600 ya sekunde.

Pamoja na mtetemo kuna uzito. Lenzi ya Canon ya milimita 600 yenye uwazi wa f/4 iliyotolewa mwaka 1999 ilikuwa na kilo 5.36, ile iliyotolewa mwaka 2018 ina kilo 3.05. Maendeleo hayo ni makubwa, lakini ukiongeza kamera ya kilo 1.4 hivi, mikono bado inabeba karibu kilo 4.5. Msuli uliochoka hutetemeka, na ndege hasubiri msuli upumzike. Monopodi hupeleka uzito huo ardhini na kuzuia mwendo wa kupanda na kushuka, huku ikimwacha mpiga picha awe huru kugeuka na kutembea. Stendi ya miguu mitatu hutuliza kamera zaidi, lakini pembezoni mwa uwanja wa mpira au katika njia nyembamba ya msituni haina nafasi.

Katika kuchagua mguu, jambo la kwanza la kutazama ni kipenyo cha mirija. Mirija miwili ikiwa na urefu mmoja na ukuta wa unene mmoja, na kipenyo cha mmoja kikawa mara 2 ya mwenzake, ule mnene hupinga kupinda kwa takriban mara 8. Kipande cha chini kabisa ndicho chembamba kuliko vyote. Basi hicho ndicho kikaguliwe. Mguu wa vipande vinne au vitano hukunjika mfupi na kuingia mkobani, lakini kipande chake cha mwisho huwa chembamba, na kila kiungo kilichoongezwa ni mahali pengine pa kulegea. Nyuzi za kaboni ni nyepesi na hufifisha mtetemo vizuri, lakini bei yake ni kubwa. Shule yenye fedha kidogo haipotezi kitu kwa kuchagua alumini nene. Mguu uliovutwa wote ufikishe kamera kwenye jicho la mtumiaji aliyesimama wima, ukiwa na ziada kidogo kwa ajili ya ardhi yenye mteremko.

Sasa tuje kwenye kichwa, ambapo ndipo penye mabishano. Kamera yaweza kuzungushwa kwa namna tatu: kuinama na kuinuka, kugeuka kushoto na kulia, na kulala upande. Kwenye monopodi, kugeuka hupatikana kwa kuuzungusha mguu wenyewe ardhini. Kulala upande hupatikana kwa pete iliyo shingoni mwa lenzi nzito, ambayo ndiyo yenye mguu wa kufungia. Limebaki jambo moja tu, kuinama na kuinuka, na hilo latimizwa na bawaba moja.

Kichwa cha tufe huruhusu yote matatu kwa pamoja, na hapo ndipo hatari ilipo. Tuchukue mzigo wetu wa kilo 4.5, ambao uzito wake ni takriban nyutoni 45, na tuseme kitovu chake cha graviti kiko sentimita 10 juu ya tufe. Mzigo ukiinama digrii 30, kitovu hicho huwa kimesogea kando kwa sentimita 5, na momenti ya kuuangusha ni nyutoni-mita 2.25. Ukiendelea kuinama, momenti huongezeka, nao huanguka kwa nguvu zaidi. Bawaba nayo ina momenti hiyo hiyo, lakini kwa mwelekeo mmoja tu, wa mbele na nyuma, ambako mkono wa mpiga picha tayari umeishika lenzi. Tufe lililolegezwa laweza kuiangusha lenzi upande wowote, hata ule usio na mkono.

Wapo watakaosema kwamba tufe linafaa kazi nyingi. Ni kweli, kwa lenzi ndogo juu ya miguu mitatu. Wengine watapendekeza kichwa cha pembea, ambacho huiweka lenzi ili kitovu chake cha graviti kilingane na ekseli, na hivyo momenti ikaribie sifuri. Hicho ni chombo bora juu ya miguu mitatu. Juu ya mguu mmoja, huongeza uzito na gharama kwa faida ndogo. Wapo pia watakaosema kwamba lenzi za siku hizi zina mtambo wa kutuliza taswira. Mtambo huo hupunguza athari ya mtetemo, lakini haubebi hata gramu moja ya mzigo.

Tahadhari chache zafaa kuzingatiwa. Skurubu za kufungia huwa za robo inchi au za inchi tatu kwa nane. Mguu, kichwa na lenzi vipatane. Bamba la kufungia liwe refu, ili lenzi isogezwe mbele au nyuma hadi ipate msawazo, na liwe na vizuizi vya kuizuia isichomoke. Bawaba ielekezwe sambamba na lenzi, vinginevyo itainama kando. Uzito wa juu ulioandikwa na mtengenezaji uwe angalau mara mbili ya mzigo wenu, maana mpiga picha naye huegemea mguu huo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: msisadiki maandishi kabla ya kuvuta vipande vyote na kuukandamiza mguu kwa uzito wa mwili, polepole, kuona kama viungo vinateleza. Na kwa safari za hifadhini, ambako wageni hukaa ndani ya gari, mfuko wa maharage juu ya dirisha hushinda monopodi yoyote.

Twawashauri walimu wa fizikia wasiliachie duka somo hili. Kabla ya kununua, wanafunzi waipime lenzi kwa mizani, watafute kitovu chake cha graviti kwa kuisawazisha juu ya ukingo uliofunikwa kitambaa huku wakiishika, kisha wakokotoe momenti wenyewe. Fedha ya shule italindwa, na kanuni waliyoinakili ubaoni itakuwa imewafaa kazini.