Kiu Iliyo Ndani ya Maji



Kwenye roshani ya nyumba ninamoishi hapa Donholm, Nairobi, nina magunia matatu ya sukuma wiki. Mwanzo wa mwaka mfereji ulikauka, kama tulivyozoea Eastlands maji yakigawiwa kwa zamu, nikawa nanunua mitungi ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Yalikuwa maji ya kisima kirefu, maji ya chumvi. Hata chai huyatambua. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Baada ya wiki kadhaa majani ya chini yakaungua kingo, na juu ya udongo kukatanda ukoko mweupe. Nikadhani mboga zina kiu, nikaongeza maji. Zikazidi kunyauka, na udongo u mbichi.

Makosa yale ndiyo yaliyonifanya niombe toleo hili zima la jarida letu lizungumzie chumvi pamoja na ukame, kwa sababu mmea hauvitenganishi kama tunavyovitenganisha sisi. Mzizi huvuta maji kwa kuwa umajimaji wa seli zake umekolea kuliko maji ya udongoni. Udongo ukijaa chumvi, tofauti hiyo hupungua, na mzizi uliozama katika tope hushindwa kunywa. Hapo homoni iitwayo asidi ya absisiki huongezeka, na stomata, yale matundu madogo ya jani, hufungwa. Maji yanaokolewa, lakini hewa ya ukaa nayo inafungiwa nje, na bila hiyo jani halipiki chakula. Hadi hapa mmea wenye chumvi na mmea wenye ukame inaugua ugonjwa mmoja.

Kisha njia zinaachana. Muhogo uliopigwa na kiangazi hupukutisha majani, ukangoja, na mvua ikirudi huchipua. Chumvi haiondoki yenyewe. Mmea hunywa maji ukaiacha udongoni, jua nalo hukausha yaliyobaki, na kila mtungi huongeza juu ya ule wa jana. Sodiamu inayopenya hurundikana kwanza katika majani makongwe hadi yanaungua. Ndiyo maana sukuma zangu zilianza kufa kutoka chini.

Kwa upande wa ukame, nchi hii imefanya kazi ya kujivunia. Mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa Machakos, hukomaa mapema yakaukwepa ukame kabla haujafika. Huko Kiboko, Makueni, watafiti huyanyima mahindi maji makusudi wakati wa kuchanua, kwa sababu hapo ndipo ukame huuma zaidi: hariri ya gunzi huchelewa kutoka, chavua ikamwagika bure. Chumvi haijapata heshima kama hiyo. Misimu mitano mfululizo ya mvua ilipofeli, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, jibu lililosikika kila mahali lilikuwa kuchimba visima. Watu na mifugo walihitaji maji, na silipingi hilo hata kidogo. Ninachodai ni swali la pili: maji ya namna gani, na kwa zao lipi?

Jibu hubadilisha mavuno. Katika vipimo ambavyo FAO huvitumia, maharagwe huanza kupungua chumvi ya udongo ikipita desisimensi 1 kwa mita, na kila desisimensi inayozidi huondoa karibu sehemu moja ya tano ya mavuno. Mahindi huvumilia hadi 1.7, kunde 4.9, mtama 6.8. Mkulima anayepewa kisima na mbegu za maharagwe bila kuambiwa hayo amepewa nusu ya msaada.

Kwetu Nairobi kuna jambo jingine. Maji ya chini ya miamba hii ya volkano kwa kawaida yana sodiamu na baikaboneti nyingi. Baikaboneti huigandisha kalisi, sodiamu ikabaki peke yake na kutawanya chembe za mfinyanzi. Katika udongo mweusi wa Embakasi na Donholm, ambao tayari hupasuka kiangazi na kunata masika, uso huziba na maji husimama juu bila kuzama.

Kisiwani Pemba chumvi huja kwa njia ya bahari, inayoingia mashamba ya mpunga yaliyo karibu na ufuo. Hatua chache kutoka hapo mti uitwao mchu unasimama katika maji ya bahari na kutoa chumvi kupitia majani yake, ukiyapapasa asubuhi utaihisi vidoleni. Nao mkoko huizuia mizizini. Mimea hii imekuwa mbele ya macho yetu karne zote hizi, na mafundi wa mbegu wangefaa kuichunguza kwa bidii ile ile waliyoipa mahindi.

Kipimo cha chumvi ni kidude cha ukubwa wa kalamu. Naomba kila kaunti inayozindua kisima cha umwagiliaji iandike namba ya chumvi ya kisima hicho kwenye ubao ule ule wenye jina la mgeni rasmi, ili mkulima aisome kabla ya kununua mbegu. Magunia yangu mawili sasa yana kunde. La tatu nimeliteremsha uani, chini ya bomba la paa, mvua iendelee kuliosha.