Imani ya Jumatatu

Jumapili tunaimba vizuri. Makanisa yanajaa, kwaya zinashona sare mpya, na usiku wa mkesha hakuna anayesinzia. Neno langu leo ni la Jumatatu, pale fundi cherehani aliyeitikia "Amina" kwa sauti kuu anapomwambia mteja wake kwa mara ya tatu, "Njoo kesho."

Anayenifundisha imani ya Jumatatu ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani. Alifika pwani yetu mwaka 1846, wakafungua yeye na mmisionari mwenzake Ludwig Krapf kituo cha misheni Rabai, karibu na Mombasa. Wengi wanamkumbuka kwa siku moja tu, tarehe 11 Mei 1848, alipouona Kilimanjaro na theluji yake, habari ambayo baadhi ya wataalamu wa London waliipinga vikali. Sifa hiyo anastahili. Ila mimi huzitafakari zaidi siku zake ambazo wengi hawazikumbuki.

Mwenzake aliondoka, yeye akabaki. Waongofu walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Akakaa na wenyeji akiokota maneno, leo moja, kesho mawili: ya Kiswahili, ya Wamijikenda, hata ya watu wa Ziwa Nyasa, aliyoyapata kwa Salimini, mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa. Macho yakaanza kufifia, naye akaendelea. Aliporudi kwao mwaka 1875 alikuwa karibu kipofu, na mwaka uliofuata akafariki. Kamusi yake ya lugha ile ya Nyasa ilichapishwa mwaka 1877. Hakuiona.

Mtu atasema: yule alikuwa mmisionari, mimi nauza maziwa. Vema. Basi maziwa ndiyo kazi uliyopewa, na yale maji unayoongeza kwenye dumu alfajiri, kabla majirani hawajaamka, Mungu ameyaona. Na wewe mweka hazina wa jumuiya uliyechukua fedha za msiba ukasema utazirudisha mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi umepita mara ngapi?

Tena tusijidanganye kwamba asiyeiba amemaliza. Yule mtumwa wa mfano wa talanta hakuiba hata senti. Alirudisha mali ya bwana wake nzima, aliyokuwa ameifukia ardhini, na bado akatupwa nje. Kosa lake lilikuwa uvivu. Mimi naogopa mfano huu kuliko mingine yote, maana wengi wetu ni watu wa namna hiyo: hatudhuru mtu, wala hatumfai mtu. Mwalimu anaingia darasani na maandalio ya miaka mitano iliyopita. Baba anaahirisha sala ya jioni na watoto mpaka wanalala.

Fundi, ndugu yangu katika Kristo, kitambaa cha yule mama bado kiko kwenye rafu. Kishushe leo, ukimalize kabla ya magharibi.