Antibayotiki ya malaria bado ipo maabara, usiitafute dukani

Kila inapotoka habari kwamba wanasayansi wamepata antibayotiki inayoweza kuua vimelea vya malaria, swali la kwanza la mzazi huwa moja: inauzwa wapi? Swali hilo halina ubaya. Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye homa anataka dawa, hataki maelezo ya maabara. Lakini akijibiwa vibaya, anaweza kumpoteza mtoto. Na sisi sote tunaweza kupoteza dawa mbili kwa mpigo, ya malaria na ya bakteria.

Kwanza tukubaliane kwamba habari hizo si za uongo. Ndani ya kimelea cha malaria mna kiungo kidogo sana kilichotokana na mwani wa kale. Kiungo hicho kinafanya kazi kwa namna inayofanana na ya bakteria, na bila hicho kimelea hakiwezi kuendelea kuishi. Ndiyo maana baadhi ya antibayotiki zinakidhuru. Doksisaiklini, kwa mfano, hupewa wasafiri watu wazima ili kuwakinga na malaria. Hiyo na klindamaisini zimetumika pia pamoja na kwinini kutibu wagonjwa.

Angalia hapo neno "pamoja". Antibayotiki za aina hii huua polepole. Kimelea kilichokutana na dawa leo huendelea kuzaana kwa siku kama mbili, na wanaokwama ni watoto wake. Kwa hiyo nguvu ya dawa huanza kuonekana baada ya siku tatu au nne. Malaria kali inaweza kumuua mtoto mdogo ndani ya siku moja au mbili. Mtoto aliyepewa antibayotiki peke yake anaachwa vitani bila silaha katika saa ambazo anaihitaji zaidi.

Safari ya kutoka kwenye ugunduzi hadi kidonge nayo ni ndefu. Chukua mfano wa fosmidomaisini. Iligunduliwa Japani, kwa bakteria wa jamii ya wale wanaoishi udongoni, ikilengwa kwa magonjwa ya bakteria. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba inaua vimelea vya malaria. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, homa ilishuka lakini kwa wengi vimelea vilirudi, ndipo ikaunganishwa na klindamaisini. Huko Gabon mchanganyiko huo ulileta matumaini kwa watoto wakubwa. Ulipopelekwa kwa jirani zetu wa Msumbiji, kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, ulitibu chini ya nusu yao. Watoto hao wadogo ndio hasa malaria inaowaua. Dawa iliyong'ara maabara ilishindwa kwa wale waliokuwa wanaihitaji kuliko wote.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu wenyewe. Dapsoni ni antibayotiki ya miaka mingi, inayojulikana zaidi kwa kutibu ukoma. Ilichanganywa na dawa nyingine, kloroproguanili, ikaitwa Lapdap. Sehemu ya utafiti wake ilifanyika Kilifi, Kenya, na Muheza, Tanga. Muheza ilionekana kuwasaidia watoto ambao SP ilikuwa imeshindwa kuwatibu. Uingereza ikaiidhinisha mwaka 2003 na nchi kadhaa za Afrika zikaipokea. Kisha majaribio makubwa zaidi yakaonyesha kwamba ilikuwa inavunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo watu huzaliwa nao, na umeenea zaidi katika maeneo yenye malaria. Mwaka 2008 Lapdap iliondolewa sokoni.

Wapo watakaosema hiyo ni hasara. Mimi nasema huo ndio utafiti unavyopaswa kufanya kazi. Wazazi waliokubali watoto wao wachunguzwe na kufuatiliwa walitusaidia kujua ukweli, na waliokoa watoto wengine wengi. Ukiombwa siku moja mtoto wako ashiriki katika utafiti wa dawa, usikimbie na usikubali kwa kufumba macho. Uliza dawa ni ipi, inalinganishwa na ipi, madhara yake ni yapi, akizidiwa atatibiwa wapi, na kama unaweza kujitoa wakati wowote. Una haki ya kujibiwa yote hayo kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia sahihi.

Sasa turudi nyumbani. Kwa msomaji wa Mlandege, hapa Manispaa ya Iringa, jambo hili lina uzito wa pekee. Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, kwa sababu ya baridi ya nyanda za juu. Maana yake ni mbili. Kwanza, mtoto wa hapa akipata homa, uwezekano mkubwa ni kwamba si malaria. Pili, kwa kuwa hajazoea kuumwa malaria, mwili wake hauna kinga ya kutosha, na akiipata inaweza kumwangusha haraka. Anaweza kuipata akienda likizo Dar es Salaam, Kilombero, au hata huku chini kwenye mashamba ya mpunga ya Pawaga. Mtoto aliyetoka safari akipata homa, mwambie mhudumu wa afya alikuwa wapi. Usisubiri uulizwe.

Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa ya habari za "antibayotiki inayotibu malaria". Mzazi anaweza kufikiri: kama kidonge kimoja kinaua bakteria na malaria pia, kwa nini nipange foleni ya kupima? Nikanunue "rangi mbili" nimalize kazi. Na wapo wauzaji watakaompa bila kumuuliza swali hata moja.

Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza kwa kina watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliofika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara wakiwa na homa. Malaria ilipatikana kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi. Takriban saba kati ya kumi walikuwa na maambukizi ya virusi, na kirusi hakifi kwa antibayotiki yoyote. Waliokuwa na ugonjwa wa bakteria walikuwa kama mmoja kati ya watano. Kama hali ndiyo hiyo katika sehemu za joto, sisi wa Iringa tuna sababu gani ya kubahatisha?

Gharama ya kubahatisha tunaijua. Klorokwini ilitutoka mikononi, tukaiacha mwaka 2001. Ikaja SP, ambayo nusu yake ni dawa ya salfa, ndugu wa Septrin. Haikudumu. Kufikia mwaka 2006 usugu ulitulazimisha kuhamia dawa mseto, ALu. Leo SP imebaki kwa ajili ya kuwakinga wajawazito kliniki, na mjamzito anayetumia Septrin kila siku hapaswi kuongezewa SP. Tayari huko Kagera kumeonekana vimelea vyenye dalili za usugu dhidi ya kundi la dawa linalobeba ALu. Watafiti wanahangaikia antibayotiki kwa sababu hiyo hiyo: wanatafuta akiba. Tukiimaliza akiba hiyo madukani kwa kila mafua na kila homa, siku tutakapoihitaji tutakuta ghala tupu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Serikali ihakikishe kipimo cha haraka cha malaria hakikosekani katika zahanati yoyote, na agizo la kutouza antibayotiki bila cheti cha daktari lisiishie kwenye karatasi ukutani. Wahudumu wa afya nao waache mazoea ya kusema "malaria hakuna, basi chukua antibayotiki". Kutoonekana kwa malaria si uthibitisho wa bakteria.

Wewe mzazi, mtoto akichemka mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria, mpe ALu dozi zote sita kwa siku tatu, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, hata kama homa imeshuka baada ya dozi ya pili. Asipokutwa nayo, uliza: "Mtoto wangu anaumwa nini, na dawa hii ni ya nini?" Doksisaiklini usimpe mtoto wa chini ya miaka minane wala mjamzito kwa uamuzi wako mwenyewe. Na ukiona degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, kulegea, kupumua kwa shida au mkojo wa rangi nyeusi, usipitie dukani. Nenda hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku.