Gari Haliwaki: Tunalipia Spea, Hatulipii Kujua

Wadau, kimya changu cha wiki mbili kina sababu. Sikusafiri wala sikuumwa. Nilikuwa nashindana na gari.

Jumatatu ya wiki juzi nilitakiwa niwe Kisutu saa tatu asubuhi, kuna kesi naifuatilia. Naingia kwenye kigari changu, nazungusha ufunguo: tak. Nazungusha tena: tak. Taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, injini kimya. Nikakimbilia daladala, nikafika shauri limeshaahirishwa, habari nikaiombea kwa jamaa wa gazeti jingine. Wenzangu wa fani mnaijua aibu yake.

Jioni nikamwita fundi wa mtaani. Alisikiliza tak mbili tu akatoa hukumu. "Stata imekufa hiyo, bosi." Nikamwuliza amejuaje wakati hajapima kitu. "Taa si unaziona zinawaka? Betri nzima. Kinachobaki stata." Maneno yakaniingia. Kesho yake nikatoa 120,000 ya stata ya mtumba pamoja na ufundi, gari likawaka, nikamshukuru kama mjinga. Stata ya zamani akabaki nayo yeye, akasema ni chuma chakavu tu.

Siku mbili baadaye: tak.

Jirani akaja na nyaya za kubusti. Nyaya nyekundu akabana kwenye chanya za betri zote mbili, nyeusi akabana kwenye hasi ya betri yake, na upande wangu kwenye chuma cha injini, kama inavyoshauriwa ili cheche isitokee karibu na betri. Injini ikawaka hapo hapo. Kila aliyekuwepo (na mnajua gari likiharibika mtaani watu hawakosekani) akasema betri. Fundi naye akageuka, sasa ni betri. Nikanunua mpya kwa 180,000. Safari hii zikapita siku nne.

Jumla 300,000. Kwa mshahara wa ripota naomba msinicheke.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja, fundi wa umeme wa magari, nilielekezwa kwake na dereva teksi. Alikuja na testa na spana mbili. Hakufungua kitu. Akapima betri ikiwa imetulia, ikasoma volti 12.6, maana yake imejaa. Akaniambia, "Haya kijana, piga stata." Tak. Akacheka. Akanionyesha: wakati napiga, betri ilishuka mpaka 12.3 tu. Stata ikizungusha injini sawasawa, betri inashuka zaidi ya hapo, ingawa nzima haitakiwi kwenda chini ya 9.6 hivi. Hii haikushuka kwa sababu umeme ulikuwa hautoki. Umezuiwa njiani.

Kisha akaweka waya mmoja wa testa kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini. "Piga tena." Hapo panapotakiwa pasome chini ya nusu volti, testa ikasoma zaidi ya volti 6! Nusu ya nguvu ya betri ilikuwa inapotelea kwenye ule waya mweusi unaotoka hasi kwenda kwenye injini. Akaufuata kwa mkono hadi kwenye giaboksi. Bolti imelegea, chini yake kutu tupu. Akapiga msasa, akakaza. Gari likawaka. Dakika 20, kama hazikufika.

Sasa rudini nyuma muone tulivyodanganyika. Taa kuwaka hakumaanishi kitu. Taa za dashibodi zinatumia umeme mdogo sana, wakati stata ya gari dogo inavuta ampea 100 na zaidi. Ni kama bomba lililojaa kutu: la kunawa litapatikana, la kujaza pipa hutapata. Na ile busta iliwasha gari si kwa sababu betri yangu mbovu, bali jirani alibana waya mweusi kwenye injini, akaupita ule waya wangu wenye kutu bila kujua. Zile siku mbili na siku nne? Kila fundi alipofungua vitu, waya ulitikisika, ukagusa vizuri kidogo.

(Kama lako linazungusha injini vizuri ila haliwaki, hiyo ni kesi nyingine. Waacheni betri na stata. Sikilizeni pampu ya mafuta kama inaunguruma sekunde mbili ukiwasha swichi, angalieni plagi kama zinatoa cheche, na ufunguo wenye chipu kama gari linautambua. Na wenye otomatiki, kabla hamjamwita mtu, jaribuni kuwasha gia ikiwa kwenye N.)

Najua wengi mtasema mafundi wezi. Mimi sisemi hivyo. Nisikilizeni kidogo.

Mzee alipomaliza nikamwuliza shilingi ngapi. Akasema 30,000. Na mimi, msomi wa chuo kikuu, niliyetoka kutoa laki tatu bila kuguna, nikamwambia, "Mzee, kukaza bolti moja tu elfu thelathini?" Nikampa 15,000. Akazikunja akatia mfukoni, hakusema kitu.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na mimi ni mgonjwa wa kwanza. Spea tunaishika mkononi, tunaiona, tunalipa. Kujua hatukuoni, kwa hiyo tunampa mtu pesa ya soda. Fundi atakayepoteza saa nzima kutafuta waya atalala njaa, atakayebadilisha stata atakula. Nani atanunua testa kwa mpango huo? Hata kwetu magazetini ni yale yale. Mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari iliyotoka halipwi siku tatu za kutafuta, na tunashangaa kwa nini anatuletea hotuba za wakubwa.

Kwa hiyo nimebadilisha utaratibu. Nikimwita fundi, kwanza tunapatana bei ya kupima, iwe amekuta ubovu mkubwa au bolti. Akishanionyesha ubovu kwa testa, ndipo tunaongea spea. Mzee nimempelekea 15,000 yake iliyobaki. Alishangaa kuniona.

Nilipotoka kwake nikapitia kwa yule fundi wa kwanza kuulizia stata yangu ya zamani, maana kumbe ilikuwa nzima. Ameshaiuza. Mwenye gari jingine hapo mtaani aliambiwa ya kwake imekufa.