TAHARIRI: Dawa iliyokwisha muda haiishi sumu

Katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilipokea kutoka Ugiriki msaada wa viuatilifu, vingine vikiwa vimekwisha muda wake. Vilipelekwa shamba la Serikali la Vikuge, Kibaha mkoani Pwani, vikawekwa bandani. Banda likaanguka, mvua ikanyesha, dawa zikazama ardhini. Wataalamu walipopima udongo wa hapo miaka mingi baadaye, bado walikuta DDT kwa kiwango kikubwa.

Mkulima anaweza kusema hayo ni ya Serikali. Lakini ni wangapi wana chupa iliyobaki uvunguni, au mfuko usio na lebo kando ya gunia la mahindi?

Jambo la kwanza katika elimu ya sumu ni kipimo. Hata chumvi ikizidi hudhuru. Anayeongeza vifuniko viwili kwenye bomba ili wadudu wafe haraka, anaongeza pia mabaki kwenye nyanya, tena kwa fedha yake mwenyewe.

La pili ni muda. Dawa za jamii ya oganofosfeti hushambulia mishipa ya fahamu, na mpulizaji asiye na glavu huzipata kupitia ngozi siku hiyo hiyo. Nyingi huvunjika baada ya siku au wiki kadhaa, ndiyo maana lebo hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna. DDT ni kinyume chake. Haimwangushi mtu shambani, bali hukaa udongoni miaka na miaka. Ng'ombe anayechunga hapo huimeza pamoja na nyasi na udongo, ikajilimbikiza kwenye mafuta ya mwili, kisha ikatoka na maziwa.

Mwenye duka naye anahusika. Anayepima dawa kwenye chupa ya soda humnyima mnunuzi kipimo na siku za kusubiri, vyote viwili. Soko nalo halisamehi: mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulizidisha ukaguzi wa maharage mabichi kutoka Kenya kutokana na mabaki ya viuatilifu, na gharama zikawaangukia wauzaji na wakulima.

Wakulima wamechoka kuambiwa wasimwage dawa mtoni huku hawaonyeshwi pa kuzipeleka. Halmashauri, ambazo hazikosi kufika mnadani kukusanya ushuru, zitenge japo siku moja kila msimu, hapo hapo mnadani, kupokea dawa zilizokwisha muda na chupa tupu, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.