Magari ya Mitumba, Kompyuta za Nani?

Sisi tunaosomea uhandisi huku tunapenda mno kuzungumzia magari yanayojiendesha. Waymo inabeba abiria San Francisco bila dereva, basi kila tukikaa swali ni lile lile: yatafika lini Nairobi au Dar? Mimi naona tunaangalia mbali mno. Magari yenye dereva yanayoshushwa Mombasa sasa hivi yana kompyuta za kutosha kututia wasiwasi.

Ndani ya gari la kisasa mna kompyuta ndogo ndogo nyingi: ya injini, ya breki, ya milango, ya redio. Zinaongea kupitia mfumo uitwao CAN, ambao Bosch waliutoa mwaka 1986. Zama hizo gari halikuwa na intaneti, kwa hiyo mfumo huo haumuulizi mtu "wewe nani?" Anayefanikiwa kuingia anasikilizwa kama mwenyeji.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, waliliingia Jeep Cherokee kupitia redio yake yenye intaneti. Mwandishi Andy Greenberg alikuwa akiliendesha kwenye barabara kuu ya St. Louis, wao wamekaa nyumbani na laptop zao. Walichezea kiyoyozi, waipa, redio, kisha wakakata nguvu ya injini isifike kwenye magurudumu. Kampuni ikayaita magari milioni 1.4 yarekebishwe, na wenye magari wakatumiwa flashi kwa posta. Kwa posta, jamani! Sasa lichukue gari la namna hiyo lililokwisha kuuzwa, liko Goma au Bujumbura. Barua inakwenda kwa nani?

Hapo ndipo penye kazi. Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, hauruhusu gari jipya kuuzwa bila kutimiza kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 155 kuhusu udukuzi. Safi sana, kwa anayenunua jipya. Sisi tunanunua yaliyotumika. Kenya inaruhusu hadi ya miaka 8. Mtengenezaji anamjua mteja wake wa kwanza, na sisi ni wa pili au wa tatu.

Mtu ataniambia: bwana wee, nyumbani tunahangaika na mashimo barabarani, wadukuzi wa nini? Lakini wezi hawasubiri barabara zitengenezwe. Hapa London mwaka 2022 mtafiti wa mambo haya haya, Ian Tabor, aliibiwa Toyota RAV4 yake. Wezi walifikia nyaya nyuma ya taa ya mbele, wakachomeka kidude kinachosema kwa lugha ya CAN kwamba ufunguo upo. Gari likawaka. Hawakuhitaji digrii, kidude kama hicho kinanunuliwa.

Na sisi tumeshazoea kufunguliwa mifumo. Gari linatoka Japani, redio inaongea Kijapani, ukitoa betri inadai namba ya siri, unampelekea fundi mwenye laptop. Simlaumu fundi, bila yeye nusu ya magari yetu yangekuwa bubu. Ila programu anayoitia ameipata wapi, na ina nini ndani? Vijana hawa wanahitaji mafunzo na programu halali, si kukimbizwa na polisi.

Magari ya Kenya hukaguliwa Japani kabla ya kusafirishwa: breki, taa, hata mionzi. Naomba uongezwe mstari mmoja tu, je, marekebisho ya programu yaliyotolewa na kiwanda yamefanywa? Na wenzangu mnaotafuta mada ya tasnifu, hii iko wazi kabisa.

Wanaotuma magari nyumbani kutoka hapa Uingereza wasingoje serikali. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali uone kama limeitwa kurekebishwa, kisha lipeleke kwa wakala wa kampuni likasasishwe. Halafu mfute mmiliki wa zamani. Mwaka 2017 Charles Henderson wa IBM alieleza kwamba gari alilokwisha kuliuza miaka kadhaa nyuma bado lilikuwa kwenye simu yake: aliweza kujua liko wapi na kulifungua milango. Kufuta ni kazi ya skrini ya gari au simu moja kwa wakala, na ni rahisi zaidi kabla halijapakiwa melini.