Pumu kwa watoto: dawa ya kila siku huachwa mapema mno

Kila mwaka Siku ya Pumu Duniani huadhimishwa Jumanne ya kwanza ya mwezi Mei, na ujumbe wake umekuwa ukielekezwa zaidi kwenye upatikanaji wa dawa za kuvuta. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa wakiishi na pumu na 455,000 walifariki dunia kutokana nayo, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwa mtoto, tatizo mara nyingi huanzia nyumbani, tena kwa nia njema. Salbutamoli hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache, hivyo mzazi huiona ikifanya kazi. Dawa ya kuzuia, kama beklometasoni au budesonidi, hupunguza uvimbe wa ndani ya njia hizo taratibu, kwa siku na wiki, na haimwondolei mtoto shambulio lililokwisha kuanza. Kikohozi cha usiku kikitulia, kopo hili la pili huwekwa kando. Uvimbe hurudi kimyakimya, na familia hujikuta tena katika chumba cha dharura.

Hofu ya wazazi kuhusu steroidi haipaswi kupuuzwa. Tafiti zimeonesha kuwa matumizi ya muda mrefu yanaweza kupunguza urefu wa mtoto kwa takriban sentimita 1. Ndiyo sababu hutolewa dozi ndogo kabisa inayotosha, mtoto hupimwa urefu anapohudhuria kliniki, na daktari hufikiria kupunguza dozi pumu ikiwa imedhibitiwa kwa takriban miezi 3. Uamuzi huo ni wa daktari. Vidonge vya steroidi vinavyorudiwarudiwa kwa sababu ya mashambulio vina madhara makubwa zaidi mwilini kuliko dozi ndogo ya kuvuta.

Mtoto asukutue kinywa baada ya kuvuta, la sivyo anaweza kupata utando wa fangasi. Pia atumie chombo cha kupitishia dawa kati ya kopo na kinywa. Aliye mdogo huhitaji chenye barakoa. Bila chombo hicho, sehemu kubwa ya dawa huishia kooni. Gharama si kikwazo cha lazima: utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 1999 ulibaini kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa vizuri na kuzibwa pembeni, hufanya kazi sawa na chombo cha kiwandani.

Montelukasti ni suala jingine. Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kuhusu mabadiliko ya tabia na mawazo ya kujiua. Mtoto anayeitumia akianza kuota ndoto za kutisha au kuwa na hasira zisizo za kawaida, daktari aelezwe mara moja.

Kwa Tanzania, iliyopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kipimo kitakuwa rafu ya dawa ya kituo cha afya: je, kopo la kuzuia litakuwepo kando ya salbutamoli mwezi baada ya mwezi?